Hongo ya Msafiri

Neno hongo halikuzaliwa na aibu. Zamani za misafara lilimaanisha nguo, shanga na nyaya za shaba ambazo mwenye msafara aliwapa wenye nchi ili apite kwa amani na achote maji bila ugomvi. Ilikuwa ada ya njia. Kila aliyetoka pwani kwenda bara aliipigia hesabu kabla hajafunga mzigo wa kwanza, kama leo mwenye lori anavyopigia hesabu mafuta na mizani. Siku hizi ukilitamka neno hilo mbele ya ofisa wa kuzuia rushwa wa TAKUKURU umejitafutia kesi. Lilivyochafuka ni hadithi ndefu, lakini miongoni mwa washukiwa wangu wamo waandishi wa safari.

Nasema hivi kwa sababu ya Jumamosi. Kila Jumamosi alfajiri vijana kutoka Dar es Salaam hupandisha vilima vya Pugu kwenda Kisarawe. Wengine wana baiskeli za magurudumu mapana, wengine wanatembea kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kikundi mgongoni. Wanaingia msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, wanalipa kiingilio, wanapiga picha kwenye mapango yaliyoachwa na wachimba kaolini na kuhamiwa na popo, kisha wanarudi mjini na maneno makubwa: tumeiteka Pugu, tumeivumbua Kisarawe. Njiani wamepishana na mtu aliyefunga magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli ya chuma isiyo na breki, anasimamisha kwa kandambili. Yeye hajavumbua kitu. Anateremka tu.

Sina ugomvi na vijana hao. Nami ni mmoja wao, ingawa magoti yameanza kunikana. Ninachotaka kujua ni masimulizi wanayorudi nayo wameyarithi kwa nani. Maana nchi hii ya Wazaramo, kuanzia bonde la Ruvu kule Kibaha hadi Maneromango, imekwisha kusimuliwa na watu wa namna nyingi, na kila mmoja alikuwa na jibu lake kwa swali la hongo: nani anamlipa nani ili safari iwepo?

Wazungu kwanza, kwa kuwa wao ndio waliosikika zaidi. Vitabu vyetu vya historia shuleni viliwaita wapelelezi, na sijaona tafsiri iliyolishinda neno hilo. Ni lile lile la polisi. Mwaka 1845 ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, Maizan, aliingia Uzaramo na vyombo vya kupimia na mizigo mingi ya kung'aa. Aliuawa mahali palipoitwa Dege la Mhora kwa amri ya Mazungera, aliyekuwa pazi, yaani mkuu wa Wazaramo wa hapo. (Wapenzi wa mpira wa kikapu Dar es Salaam wanalijua neno hilo kama jina la timu.) Sultani Said wa Unguja alituma watu wamkamate Mazungera, wakamkosa. Waliyempata ni mtu aliyepiga ngoma siku ya mauaji. Huyo ndiye aliyefungwa minyororo Unguja miaka na miaka. Pazi akabaki kwake, mpiga ngoma akalipa.

Habari hiyo ilikuwa ingali moto Richard Burton alipoondoka Kaole mwezi Juni 1857 pamoja na John Speke. Walifuata bonde la mto Kingani, ndio Ruvu yetu, na iliwachukua karibu mwezi mzima kufika Zungomero, chini ya milima ya Uluguru. Leo treni ya SGR inapita Soga na Ruvu imebeba watu wanaosinzia, na abiria anashuka Morogoro kabla chai aliyoibeba kwenye chupa haijapoa. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 Burton anawaeleza Wazaramo kwa kirefu: mavazi yao, nyumba zao, uchimbaji wa sandarusi ardhini. Ni mwandishi wa jicho kali na moyo mgumu. Lakini akifika kwenye hongo jicho lile linafumba. Anayedai ada ni mnyang'anyi, na mkuu wa kijiji ni mlafi. Uingereza aliyotoka ilikuwa na malango ya ushuru barabarani, na sidhani kama kila mlinzi wa lango alimwona jambazi.

Mwaka 1859 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa Burton medali ya dhahabu. Mwaka huo huo balozi wa Uingereza Unguja, Christopher Rigby, aliiandikia serikali ya Bombay kwamba watu wa msafara wa Burton hawakulipwa walichoahidiwa. Burton akajibu kuwa hawakustahili. Wanaosimulia maisha yake huiweka medali kwenye sura moja na malalamiko kwenye sura nyingine, kana kwamba ni mambo ya watu wawili. Mimi naona ni ukurasa mmoja wa daftari: upande huu yaliyoingia, upande ule yasiyotoka.

Na safari yenyewe ilitokana na nini? Ilitokana na jarida. Mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara walikofika. Waliopita kaskazini wakamwambia njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Waliopita katikati wakasema hivyo hivyo, na wa kusini vile vile. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakayaunganisha maji yote wakachora bahari moja ndani ya bara, kubwa mno, ina umbo la konokono asiye na nyumba. Ramani ikachapishwa mwaka 1855 katika jarida la wamisionari la Uingereza, na mwaka 1856 katika jarida la August Petermann la mji wa Gotha, Ujerumani. Wataalamu wakaingia kwenye ubishi, na ubishi huo ulisaidia kuwatuma Burton na Speke waje waone. Wasimulizi wa Tanga hawakukosea. Ukerewe (ndilo Victoria), Tanganyika na Nyasa ni maziwa makubwa matatu, na kila msafara ulisema kweli juu ya ziwa lake. Aliyekosea ni mshonaji. Ila jarida lilihitaji jina la mchora ramani, halikuhitaji majina ya waliotembea.

Upande wetu nao uliandika, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambamo watu wa pwani wanasimulia wenyewe walikokwenda. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari ya biashara ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, anasimulia safari ya Udoe na Uzigua. Mara ya kwanza nilipokisoma kitabu hiki kilinichosha, nakiri. Nilikuwa nimelelewa na majarida. Nilisubiri machweo, nilisubiri simba, nilisubiri msafiri asimame peke yake juu ya kilima na kujiuliza yeye ni nani. Hakuna. Kuna tulilala mahali fulani, mkuu wake fulani, tukatoa nguo kadhaa, asubuhi tukaondoka.

Ilinichukua miaka kutambua kwamba yale niliyoyaruka ndiyo yalikuwa habari. Msimulizi huyu anazungumza na watu ambao kesho na wao wanaweza kupita njia ile. Msikilizaji anataka kujua wapi pana maji, mkuu gani ana maneno laini na mkono mzito, hongo ya mahali ni doti ngapi. Tena yuko anayemdai. Misafara mingi iliondoka kwa mali ya mkopo, na aliyerudi mikono mitupu ilimlazimu aeleze mali ilikwenda wapi. Masimulizi yalikuwa ni hesabu yenye miguu.

Mtu aliyeifikisha mbali sanaa hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Alianza safari akiwa na umri wa miaka 12, safari fupi za sandarusi. Utomvu huo wa kale, uliokuwa ukichimbwa katika mchanga wa Uzaramo na nchi jirani, ulikwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi ya samani. Si ajabu hata meza za wajumbe wa jumuiya za jiografia zilipakwa jasho la Wazaramo. Tippu Tip anakumbuka frasila za pembe, bei, majina ya waliomkopesha, Taria Topan akiwa mkubwa wao. Hafichi fedha. Na kwa utulivu ule ule hafichi vijiji alivyovipiga na watu aliowateka. Hapo ndipo mtu anayetaka kuisifu safari ya Mswahili aifanye iwe safi kuliko ya Mzungu hunyamaza. Daftari lake halidanganyi kuhusu gharama, lakini watu waliolipa gharama kubwa kuliko wote, wale wa minyororoni, wamo humo kama idadi.

Wala tusisahau aliyeshika kalamu. Velten alifundisha Kiswahili Berlin, kwa watu waliokuwa wakija kututawala, na maandishi yale yaliwafaa wanafunzi wake. Wasimulizi wetu nao walikuwa na bwana mlipaji. Hata hivyo ndani ya kitabu hicho hicho imo safari inayopindua meza. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, wakapita Urusi, wakaenda Siberia hadi Asia ya Kati. Basi Salim anawaeleza watu wa huko kama Burton alivyowaeleza Wazaramo: wanakula nini, wanalala wapi, wanaabudu nini. Msomaji wa Bagamoyo anapelekwa kwenye theluji akiwa ameshikwa mkono na mtu wa kwao. Tofauti na Burton ni kwamba Salim haandiki kana kwamba nchi ilikuwa ikimsubiri. Ni mtumishi wa msafara, anajua mizigo ina uzito gani, na anajua kwamba yeye mwenyewe anatazamwa.

Wako wasafiri wa aina ya tatu, ambao siwezi kuwapita kwa sababu ndio waliotufundisha Waislamu wa pwani kuiheshimu safari iliyoandikwa. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Rihla yake, aliyoisimulia Fez akiwa amekwisha kuzunguka sehemu kubwa ya dunia ya Kiislamu na kuvuka mipaka yake, ina kipimo kimoja anachokibeba kila mji: mgeni anapokewaje? Kilwa aliisifu kwa sultani wake Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya baba wa vipaji kwa ukarimu. Anasimulia fakiri mmoja wa Yemeni aliyemwomba sultani mavazi aliyoyavaa. Sultani akaingia ndani akabadili, akampa. Baadaye mwana wa sultani akayakomboa mavazi kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine na mizigo miwili ya pembe. Angalia ilivyogeuka! Hapa mwenyeji ndiye anayetoa, na msafiri analipa kwa kusimulia. Sifa ya Kilwa tunayoisoma leo ni risiti ya ukarimu ule. Waliotolewa kama zawadi hatuwasikii, kama tusivyowasikia kwa Tippu Tip.

Kwa hiyo tuna namna tatu za daftari. Katika moja mwenyeji anatoa, katika nyingine msafiri anatoa, na katika ile iliyozaa majarida anayetoa ni mtu wa tatu ambaye hayupo kabisa njiani: msomaji. Yuko nyumbani na ada yake ya mwaka, anataka kitu ambacho jirani yake hajakiona. Ndiyo maana neno "kwanza" lina thamani kubwa kwenye jarida. Wa kwanza kufika, wa kwanza kupanda, wa kwanza kuvuka. Katika Safari za Wasuaheli kuwa wa kwanza hakuna faida, kwa sababu njia isiyopitwa na mtu haina anayekujua.

Mwaka 1888 ulizaa majarida mawili. Washington lilianza National Geographic. Unguja, huko Kiungani, shule ya wamisionari wa UMCA ilianza kuchapa Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililobeba habari kutoka vituo vyao, wengi wa waandishi wake wakiwa walimu na wanafunzi Waafrika. La Washington lilikuwa kavu hata zaidi ya hilo la Kiungani, hadi Januari 1905 mhariri wake Gilbert Grosvenor alipokosa makala akajaza kurasa 11 kwa picha za Lhasa. Wasomaji wakazipenda, na mustakabali wa jarida ukaamuliwa siku hiyo. Msimulizi halikuwa na picha. Lilikuwa na salamu. Mtu wa Magila alitaka kujua wa Masasi wanaendeleaje, na mwandishi akafunga safari akaja kumjibu. Sitaki kulipamba kupita kiasi, lilikuwa gazeti la misheni na lilisema ya misheni, ila msafiri wake alikuwa akienda kwa watu, wakati wa jarida lingine alikuwa akienda mahali.

Kibaha ndipo nilipolijua lile la Washington. Muuza vitabu vya mitumba alikuwa ameyapanga juu ya turubai, migongo ya njano yote imeelekea barabarani, na nilinunua matatu kwa bei ya sahani ya wali maharage. Kwenye moja, Afrika Mashariki ilikuwa twiga, jua jekundu na mzee asiye na jina. Nililipenda, siwezi kusema uongo. Nilitaka kuwa yule aliyepiga picha. Haikunijia kwamba katika ukurasa ule kiti changu kilikwisha kuandaliwa mahali pengine, pembeni mwa yule mzee. Mwaka 2018, katika toleo la Aprili, mhariri Susan Goldberg alikiri wazi kwamba kwa miongo mingi jarida hilo liliandika kwa ubaguzi wa rangi. Kukiri huko kulikuwa kwa heshima. Miaka mitano baadaye, mwaka 2023, waandishi wa mwisho wa kuajiriwa waliachishwa kazi, na ikatangazwa kwamba jarida halitauzwa tena kwenye vibanda vya magazeti huko Marekani. Juu ya turubai la Kibaha nadhani bado lipo.

Ajabu ya Kibaha ni kwamba wageni walioibadilisha zaidi hawakuja kuvumbua chochote. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza na Tanganyika mradi uliozaa shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 zikaukabidhi, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha. Jaribu kuliandikia jarida la wajasiri makala ya mtu aliyefundisha kilimo miaka minne kisha akarudi kwao. Halina kilele.

Wajasiri wa sasa hawahitaji mhariri. Kamera iko kwenye kofia, jarida liko mfukoni, na msomaji anabonyeza moyo kabla jasho halijakauka. Lakini sarufi ya picha ni ile ile ya njano: mtu mmoja, mgongo kwa kamera, bonde tupu mbele yake. Bonde hilo si tupu, ni Kisarawe. Kuna shule nyuma ya mti ule na mama anauza chapati upande wa kulia, umekatwa kwenye fremu. Sanaa hii ya kukata ni ya zamani. Mwaka 1879 msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson uliondoka Dar es Salaam kupitia Uzaramo kuelekea kusini-magharibi. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na Thomson, kijana wa miaka 21, akaachiwa msafara. Tunaambiwa aliuongoza hadi kwenye maziwa na kuurudisha. Aliyekuwa mkuu wa wapagazi ni James Chuma, yule yule ambaye pamoja na Abdullah Susi walishiriki kuubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Chuma alikwisha kuitembea Afrika wakati Thomson bado anasoma. Kijana wa miaka 21 mwenye mtu kama huyo mbele yake hajaachiwa msafara, ameachiwa mwalimu.

Nikiwaza haya humkumbuka Mtoro wa Dunda. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaandika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, watawala wa koloni hawakukubali mke huyo ashuke Dar es Salaam. Mzaramo aliyezieleza desturi zetu kuliko mtu yeyote wa wakati wake aliiona bandari, akarudi Ujerumani. Wenye nchi wapya nao walikuwa na hongo yao, na hakuna doti za nguo zilizotosha. Alifia Berlin mwaka 1927.

Mwezi uliopita tulikuwa sita msituni Kazimzumbwi, na kijana wa Kisarawe alituongoza. Alijua mti gani ni msandarusi, alituonyesha palipozama mguu wa mtu juzi, na alimsalimia kwa jina kila tuliyekutana naye, hata wa mkaa. Tulipofika juu, mwenzetu mmoja alimwomba asogee kidogo ili tupige picha ya kikundi. Akasogea. Kisha mwingine akaona haya, akamwita, akamweka katikati, tukapiga nyingine.

Tulimlipa tulichopatana, na nyongeza kidogo. Alizihesabu noti, akazikunja, akashukuru, halafu akauliza, "Kaka, na ile picha nitaipataje?"

Nikamwambia anipe namba nimtumie. Akaitoa simu yake mfukoni ili anibipu. Ilikuwa kitochi.